Maksai Hakutengwa

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Ipililo nasubiri matokeo. Nilishaamua kwamba binadamu hazaliwi na wema wowote, anaogopa faini tu. Ushahidi wangu ulikuwa jirani yetu. Lilipigwa yowe la wizi wa ng'ombe, yeye hakutoka, kijiji kikamtenga. Ukimsalimia au ukiongea naye, unatozwa mbuzi.

"Sasa bibi, wema uko wapi hapo? Kijiji kizima kimya!"

"Pepeta choroko," bibi akasema. "Unapepeta mdomo tu."

Mchana ule jirani akapita mbio, matope mpaka kiunoni, anatafuta kamba. Hakuomba msaada. Aliyetengwa haombi. Ila wote tulielewa: maksai wake amezama kwenye tope la lambo. Alikuwa nao wawili tu, na mvua ilikuwa imeshaanza. Mmoja akifa, halimi, na watoto wake hawali.

Nikakimbilia lambo, nusu kusaidia, nusu kuhakikisha kwamba hakuna atakayekuja.

Nilikuta wanaume wamejaa. Mzee yuleyule aliyetangaza kumtenga alikuwa ndani ya tope, ameshika mkia.

"We ng'ombe," mzee akafoka, "mwambie bosi wako ashike pembe!"

Jirani akashika. "Ng'ombe, waambie kamba inateleza!"

"We ng'ombe, acha kulalamika kama bosi wako!" mwingine akadakia. Watu wakacheka huku wanavuta.

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Mzee, na faini je?"

"Faini ya nini? Nani kaongea na mtu hapa? Maksai hakutengwa. Shika kamba, msomi!"

Nikashika. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka, na maksai akatoka anatetemeka, mzima.

Njiani nilitafuta maelezo. Labda walitaka na wao wasaidiwe kesho? Lakini yule hakuwa na ruhusa hata ya kuwasaidia. Labda walimwogopa mzee? Mzee ndiye alikuwa anakwepa sheria yake mwenyewe. Sijamaliza kufikiria, na inanikera. Ninachojua ni kwamba miguu yao ilifika lambo kabla hawajapata kisingizio. Kisingizio walikitunga wakiwa topeni.

Asubuhi moja wiki iliyofuata nilimkuta jirani analima kwa maksai wake. Waliokuwa wanapita njiani walisimama, wakawaangalia maksai.

"Mwangaluka, ng'ombe!" mmoja akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," jirani akaitikia, bila kuachia jembe.

Na mimi nikawasalimia ng'ombe.