Daktari aliuliza mama, nikajibu mimi

Jamani, leo nimejibu swali aliloulizwa mugonjwa.

Munajua kazi yangu hapa kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: natafsiri. Mugonjwa akisema "naumwa", na mimi nasema "naumwa". Sisemi "huyu mama anaumwa". Ndivyo kazi inavyotaka.

Asubuhi daktari wetu, aliyejifunza Kiswahili akikulia kambi ya jeshi kule Mbarara, aliniambia: "Wewe pumzika kidogo. Wiki hii umetafsiri mambo mazito."

Nikacheka. "Daktari, mimi nimetoka vita ya Kivu! Hii naiweza."

(Musinicheke. Sisi bote tunajibu hivyo.)

Basi akaingia mama mumoja wa Fizi, kwetu Kivu, anasema Kibembe tu. Daktari akauliza, "Usiku unalala?"

Nikasema: "Silali. Nikifunga macho, nasikia bantu banaeleza mambo yao. Banaeleza mpaka asubuhi. Chakula hakina ladha tena."

Daktari akamwangalia mama kwa huruma sana.

Mama akanishika mukono. Akaniuliza kwa Kibembe: "Binti yangu, daktari amesema nini? Mbona unalia?"

Nilikuwa sijamufikishia hata swali.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Nikatafsiri, maana kazi ni kazi: "Binti yangu, daktari amesema nini? Mbona unalia?"

Bote babili bananiangalia mimi.

Ninyi munaotafsiri kama mimi, mungejibu nini?

Mimi nilijipangusa macho, nikabajibu kwa lugha zote mbili: "Niko sawa."