Vichanga wa Kisanga hawamo kwenye ramani ya binti yangu

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nina mgahawa hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Binti yangu wa pekee anasoma shahada ya pili chuo kikuu. Tumenuniana wiki ya tatu sasa, na sijutii.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, baba alipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge kule Kilosa, nilipata kibarua cha kuhoji kaya kwenye utafiti wa afya. Nilipangiwa vijiji vya Kisanga. Swali moja lilikuwa: umezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki? Mama mmoja alinijibu watano, wote hai. Nilipokuwa nakusanya fomu zangu niondoke, akaniambia kwa sauti ya chini, "Na wawili ambao hawakutolewa nje."

Kichanga akifa kabla ya siku ya kutolewa nje na kuonyeshwa watu, wanawake walimzika kimya kimya, bila jina wala matanga. Ukimuuliza mama idadi ya watoto wake, huyo hamtaji. Walioandika yale maswali hawakulijua hilo. Mimi nililijua, kwani hata mama yangu alikuwa na mmoja. Basi kila nyumba nikawa nauliza taratibu kuhusu hao wasiotolewa nje, na nikawaandika wote.

Msimamizi wetu alikasirika. Fomu zangu zilikuwa na vifo vingi kuliko za wenzangu. Akanipa fomu mpya ninakili upya bila hao vichanga. "Andika walichojibu, siyo ulichokwenda kuchokonoa," alisema. Nilinakili, nikasaini. Nyumbani walikuwa wananitegemea mimi. Lakini hesabu ya kweli niliiweka kwenye daftari, na ninalo hadi leo.

Sasa sikieni. Binti yangu kwenye masomo yake haendi vijijini. Kazi yake ni kukusanya maandiko yote yaliyotumia takwimu za utafiti ule, kisha kompyuta inamchorea nani kamtaja nani. Alikuja likizo akanionyesha ramani yake juu ya meza ya mgahawani: duara kubwa katikati, na vidoti vingi vimeunganishwa nalo kwa mistari. Akasema lile duara ndilo andiko linalotajwa na karibu wote. Nikauliza linasema nini. Linasema vijiji vya ukanda ule vilipoteza vichanga wachache. Nikauliza nani kaliandika. Akanitajia jina la msimamizi wangu.

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha nikamwambia yote, nikamletea na daftari. Hakufurahi. Alisema kazi yake ni kuhesabu nani katajwa, siyo kuhakiki kama aliandika kweli. Alisema walimu wake wawili ni miongoni mwa vile vidoti, na mwezi ujao anatetea kazi yake mbele yao. Mwisho akasema neno lililonichoma. "Mama, saini ni yako. Lichome hilo daftari, tuyamalize."

Ni kweli, saini ni yangu, na sijifichi. Nilikosea nilipokuwa kijana mwenye njaa. Lakini kukosea tena na umri huu, nimeshiba, hapana.

Jumatatu nilipanda bodaboda hadi Kisanga. Yule mama yupo, mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na akanitambua kwa sauti. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Wale wanangu wawili uliowaandika, bado wapo kwenye karatasi zenu?"

Nikamjibu, "Wapo, mama."

Nilidanganya, ndugu zangu. Nimerudi Mikumi na uongo ule umenikaa kooni, na sina mpango wa kuumeza. Kwa hiyo asije mtu hapa kunishauri nichome daftari au nimwachie Mungu. Nauliza jambo moja tu: siku ya utetezi niingie chuoni na daftari langu, binti yangu anione adui mbele ya walimu wake, au nisubiri apate shahada yake kwanza, wakati yule mama anaweza asiwepo tena kusikia kwamba wanawe wamehesabiwa? Nishaurini, nifanye lipi?