Tairi Ina Ndani na Nje

Siku yangu ya kwanza kazini, duka la tairi kando ya Jogoo Road karibu na Makongeni, Fomeni, msimamizi wa mafundi, alinipa tairi ya lori akaniambia niisome. Nikamwambia shule mimi niliionea nje tu, nikipita na mbuzi. Alicheka mpaka jeki ikashuka yenyewe.

"Basi shule ni hii," akasema. "Huyu mwalimu hachapi mtu, lakini ukimsoma vibaya anazika."

Ndiyo maana mpaka leo tairi naisoma kama Biblia, na Biblia yenyewe nasomewa. Namba ya kwanza ni upana, ya pili kimo cha ubavu, ya tatu rimu. Halafu kuna herufi ya mwendo, inakwambia tairi inavumilia mbio kiasi gani. Mwisho kuna namba nne: wiki na mwaka ilitoka kiwandani. Raba inazeeka hata ikikaa stoo. Inakauka kama chapati ya juzi.

Hiyo tarehe mara nyingi iko upande mmoja tu. Na duka letu lilikuwa na mila yake: tairi ikiwa mzee inapakwa polishi, halafu inafungwa tarehe ikiangalia ndani. Mteja anaona inang'aa, anaenda akiimba. Mimi pia niligeuza, sikatai. Gari ni ya kwenda soko na kanisa, nikajiambia, itafanya nini?

Siku moja akaja daktari wa meno kutoka Donholm na gari ya mbio. Ilikuwa chini, siafu wakipita chini yake wanainama. Ikinguruma, mabati ya Makongeni yote yanajibu amina. Ndani alikuwa mama yake mzazi.

"Fundi, nataka tairi nne," daktari akasema. "Kesho nateremka kona za Mai Mahiu na mama, na mimi sijui kwenda polepole."

"Mimi nakanyaga breki huku kwangu," mama akasema, "na haiko!"

Nikamweleza daktari. Gari kama hii huichagulii tairi kwa sura. Za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hivyo hazibadilishani. Herufi ya mwendo isishuke chini ya ile ya kiwanda. Zote nne ziwe aina moja. Mdosi, mwenye duka, alikuwa nazo hivyo hivyo. Kasoro ni moja: zilikuwa na miaka kumi na mbili.

Mdosi akanivuta kando. "Geuza kama kawaida."

"Hizi hazigeuki, mdosi. Tairi ya mbio ina ndani na nje. Upande wa nje umeandikwa, na tarehe iko huko huko. Nikigeuza, kona ya kwanza gari inateleza kama sabuni."

"Kwani we umesomea wapi?"

"Hapa kwako."

"Geuza, ama uende nyumbani."

Fomeni alikuwa anapangusa spana iliyokuwa safi tayari. Hakuniangalia.

Nikafunga ya kwanza, nje ikiwa nje. Nikaondoa polishi na kitambaa, nikaita, "Daktari, hebu chuchumaa hapa." Nikamwonyesha zile namba nne.

Alizisoma mara mbili. "Hii tairi ni rika ya mtoto wangu wa darasa la sita!"

"Mrudishie zake za zamani," mama akasema, "twende nyumbani polepole. Mai Mahiu haihami."

Nilifutwa kabla kompresa imalize kupumua.

Nikaanza kibanda changu mtaa wa Tena, na kompresa yenye kifua kikuu. Wiki ya pili nikasikia ardhi inatetemeka. Ni daktari, na tairi nne mpya amenunua mjini. "Nimekuletea ufunge wewe," akasema. Kila seti iliyofuata niliifunga mimi.

Sasa magoti yamekataa, nimestaafu. Vijana mkinunua tairi, inameni msome. Fundi akinuna ukiinama, ondoka.

Siku yangu ya mwisho daktari alikuja, kichwa kimejaa mvi, mama alishatutoka. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amechuchumaa, kidole ubavuni.

"Wiki ya kumi na nne, mwaka huu," akasema. "Herufi iko sawa. Nje ni hapa. Endelea, mzee."

Nikafunga zote nne, nikampa jirani spana zangu, nikaenda nyumbani mapema.