Blanketi ya Rangi ya Gaju

Usianze kunicheka mbele sijamaliza. Siku ile sikukunywa, sikuwa na malaria, na usingizi haukunibeba. Tena haikuwa usiku. Bantu banapenda kusema wafu banatembea usiku tu. Huyu alinikuta mchana, hapa Uvira, mutaa ya Kimanga, jua inapiga bati mpaka bati inalia. Kama unaona ninadanganya, kuya ku butike. Kiti ya plastike iko pale. Ikalie weye. Minye siikalii tena.

Acha nikueleze kwanza kazi yetu, juu bila hiyo hutaelewa kitu. Yaya Furaha iko na butike ya kuagizia bantu vitu. Si dada yangu wa damu, lakini alinilisha wakati ba damu yangu balikuwa banafunga milango wakiniona. Ng'ambo ya mupaka, Bujumbura, kuko duka kubwa ya mu internet. Unachagua kitu mu telefone, banakileta. Vizuri. Lakini mama wa sokoni mwenye katelefone ka vibonye atachagulia wapi? Njo balituwekea njia sisi maajenti: tunaingia mu konti ya kliya, ule mwenye kununua, tunaagiza pahali pake. Kliya anakaa mbele yangu, kode, zile nambari za siri, inaingia mu telefone yake, ananisomea, ninaingia. Pale juu inaandikwa: Unaagiza kwa niaba ya fulani. Tukimaliza, kode ingine inamufikia, ananisomea tena, ninafunga. Kwisha. Hakuna shule ilinifundisha hiyo. Niliisumbukia peke yangu mpaka nikaijua.

Yaya Furaha alikuwa na sheria moja: kliya asinyanyuke ku kiti kama konti haijafungwa. "Ukimuacha aende, unabaki umevaa nguo yake," alikuwa ananiambia. Minye nilicheka tu. Nguo gani?

Basi, siku ile koneksyo ya internet ilikuwa inaniuwa. Inakuja, inakwenda. Inazunguka, inazunguka. Umeme imekatika tangu asubuhi, mashine inakula betri ya mwisho, na minye natukana peke yangu. Njo mwanamuke mumoja akaingia. Kijana tu. Amevaa triko ya sufu nzito, mu joto ile ya Uvira, na triko ilikuwa imelowa maji. Nje hakuna mvua. Niliona? Niliona. Niliuliza? Weye ungeuliza, na ile koneksyo inakuchezea vile?

"Karibu dada. Tukusaidie nini?"

"Minye ni Nyamahoro wa Rurambo. Nataka blanketi ya mama yangu. Nzito. Rangi ya gaju."

"Gaju ni nini?"

"Ni ng'ombe, ile nyekundu ya kahawia. Weye huonaka ng'ombe?"

"Naionaka ku sahani."

Hakucheka. Alitoa telefone yake anisomee kode. Nisikilize vizuri hapa. Kioo ya ile telefone ilikuwa imepasuka, nyeusi kabisa, haiwaki, na chini ya kioo kulikuwa maji. Maji yenye kutembea, sawa ya mu chupa. Na yeye akaitazama, akanisomea nambari moja moja. Niliandika. Ikaingia! Hasira ilikuwa imenifunga macho, ndugu yangu. Nilisema tu asante Mungu, koneksyo imerudi.

Blanketi tukaipata. Kufika pa kuandika pa kuipeleka, mashine inakataa. Rurambo ya kule mulimani haiko. Kuko Uvira tu.

"Dada, utakuya kuichukulia hapa."

"Minye siwezi kurudia."

"Basi tuma muntu."

"Nakutuma weye. Si uko pahali pangu?"

"Eh! Minye ajenti, si motari wa kubeba mizigo na pikipiki! Mulima yote ile nipande juu ya blanketi yako?"

"Mama iko na baridi," akasema. Hivyo tu, polepole. Na mashine ikaanza tena kuzunguka, na minye, unanijua, nikapiga meza: "Toka basi! Enda, unanichelewesha bantu!"

Akanyanyuka. Alinitazama sawa vile unatazama muntu mwenye amekubali kitu. Akatoka mu jua. Sikufunga konti. Kiti ilikuwa imejaa maji mpaka nikaipanguza na shati yangu mwenyewe.

Nyuma yake akaingia Papa Byamungu, mulimaji wa Kiringye, anataka pompe ya maji. "Fanya haraka mwanangu, vitunguu vyangu vinakauka." Ninatazama juu: Unaagiza kwa niaba ya Nyamahoro. Nilizima mashine, nikawasha. Jina ya papa ikakuya. Nikamusomea kwa sauti: pompe, moja. "Eeh, pompe!" Tukamaliza vizuri, tukafunga vizuri.

Kisha siku chache boksi ya karto ikafika toka Bujumbura, na picha ya pompe kubwa juu yake. Papa Byamungu akaipasua mbele ya bantu bote, akavuta. Blanketi. Nzito, nyekundu ya kahawia. Akainyanyua juu sawa mbuzi mwenye amekufa.

"Furaha," akasema, "sasa hii, maji inatokea upande gani?"

Bantu bakacheka. Hata yaya alicheka. Lakini kesho yake mwanamuke wa saloni aliagizaka kioo: blanketi. Mwalimu aliagizaka saa ya mukono. Kale kakarto, unakafunika na kiganja! Tukakafungua, blanketi ikaanza kutoka, inatoka, inatoka, ikaanguka chini na bado inatoka. Pale hakuna mwenye alicheka. Mwalimu aliacha kofia yake akakimbia.

Niliita Bujumbura. Banasema: sisi tulipakia saa, tulipakia pompe, tuko na mapicha. Ajenti ndiye muongo, tutakata njia yenu. Nikabatukana mpaka telefone ikaisha umeme. Kila konti nilifungua, nilifunga, nilianza tena. Nani alitaka kunisikia?

Sasa nikuambie kitu chenye kilinichoma. Mutaa yetu, bale bale yaya Furaha aliuzia kwa bei ya huruma, bale alibebea batoto ku hospitali, balianza kunong'ona. Furaha ni mulozi, ni mchawi. Anakula vitu vya bantu, anabarudishia manyoya. Unajua huku kwetu neno hiyo inafika wapi. Muntu akishaitwa mulozi, hakuna wa kumuuliza tena. Jioni moja jiwe ikaanguka ku bati. Halafu ingine. Nikashika nyundo, nikafika mulangoni. Yaya akanishika shati.

"Ukipiga hata mumoja, bote batasema walikuwa na haki. Kaa, ule."

"Yaya, banakuita mulozi!"

"Nasikia. Niko na masikio. Kula."

Na akaendelea kukunja zile mablanketi, moja juu ya ingine, mpaka ku dari. Hakuniuliza hata siku moja: ulifanya nini? Angeniuliza ningepumua. Kukosa kuniuliza ndiko kulinimaliza.

Asubuhi nilibeba blanketi moja mu mugongo, nikashika njia ya Rurambo. Nikapanda pikipiki mpaka pale pikipiki inakataa, nikashika mulima na miguu. Njia yote natukana. Natukana Bujumbura, natukana koneksyo, natukana ule mwanamuke na triko yake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumuambia, mengi, mabaya. Ile baridi ya juu ikanipokea, ukungu inatembea chini, na minye na kashati ka Uvira. Nikakuta muchungaji mumoja, nikamuuliza kwa kina Nyamahoro ni wapi.

Akaegemea fimbo yake. "Nyamahoro gani?"

"Kijana mumoja, iko na triko ya sufu. Alikuya kwetu ku butike."

"Lini?"

"Haijapita mwezi."

Yule muntu akanitazama miguu, uso, miguu tena. "Ndugu, Nyamahoro alishuka kutafutia mama yake blanketi, wakati wa mvua kubwa ya mwaka jana. Muto ulimubeba mbele hajafika chini. Tulimuzika sisi. Mukono yangu hii ilishika jembe."

Minye nilikaa chini mu majani. Maneno yangu yote mabaya, sijui yalienda wapi.

Akanipeleka. Nyumba ndogo, moto inafuka, mukecuru, mama muzee, amejikunja karibu ya majiko, anatetemeka meno. Zizi nje haina kitu. Nilimutolea blanketi. Akaipapasa na vidole, akaiweka ku shavu.

"Gaju wetu," akasema. "Ilikuwa rangi ya gaju wetu, mwenye alituzalia ng'ombe wote. Nilimuambia alete rangi hiyo, nisimusahau." Halafu: "Nani amekutuma?"

Ungejibu nini weye? Nilisema: "Nyamahoro. Aliagiza ku butike yetu."

Nilifikiri atalia, ao atanifukuza. Hapana. "Najua," akasema. "Mutoto wangu akitumwa hakosi kufika." Akanipa maziwa. Nilikunywa yote.

Njo nikaona, ku kabati karibu ya Biblia: telefone. Kioo imepasuka. Maji chini ya kioo.

"Hiyo tulimukuta nayo mu mukono," mukecuru akasema. "Haiwakake tena."

Sijui nani alinipa moyo. Nikamuambia: "Mama, kwetu kazi haiishi kama kliya hajasema amepokea."

Akajifunika vizuri mpaka shingo. Hakunitazama. Alitazama ile kabati, akasema na sauti ya kumuambia mutoto akalale: "Nyamahoro, nimepokea. Joto imefika. Enda, mama."

Na ile telefone ikawaka.

Naapa mbele ya Mungu, ikawaka. Nambari ndani ya maji, zinacheza-cheza. Nilitoa telefone yangu, na pale juu hakunaka rezo, koneksyo haifike, kila muntu wa Rurambo anajua. Nikaandika zile nambari. Imeandikwa: Konti imefungwa. Ya mukecuru ikazimika, na maji chini ya kioo ikakauka, sawa muntu ameipanguza kutoka ndani.

Nilishuka sikumbuki njia.

Papa Byamungu alipata pompe yake, ilifika na gari yenye ilifuata. Mwalimu saa yake iko mukononi, anatazamisha kila muntu. Mablanketi ingine hazikugeuka kuwa kitu. Yaya aligawia bamama wa maternite, bale wenye kuzaa ku hospitali. Na bale ba mawe? Banapita hapa "jambo Furaha, uko aje Furaha," meno yote nje. Yaya anabajibu. Minye sijibu. Uliyetupa jiwe ya kwanza, najua jina yako, na hakuna siku nitakuagizia hata sindano.

Lakini haijaisha yote. Mpaka leo, nikifungua konti ya muntu yeyote, pale juu inakuya kwanza: Nyamahoro. Inakaa kidogo, sawa muntu anachungulia ku mulango, halafu jina ya kliya inakuya. Nimezoea. Namuambia tu, "Jambo dada," naendelea. Bakliya banafikiri ninabasalimia bao.

Njo nakuambia, weye unayefanya kazi hii, hapa ao popote: ukikubali kusimama pahali pa muntu, usimufukuze mbele hujamaliza. Hata koneksyo ikuuwe. Hata ukose kula. Na weye kliya, siku utafungua karto yako ukute blanketi ya kahawia yenye hukuagiza, usiite muntu mulozi. Ikunje, ibebe, uulize njiani ni nani iko na baridi.