Kichwa Chake Kitamleta

Mwanamume ninayemsema hapa ni kaka yangu, tumbo moja, na asije mtu akaniambia nimsitiri. Nimemsitiri vya kutosha. Mama yetu alipolala kitandani hajiwezi, aliyemwogesha na kumgeuza ni wifi yangu, mke wake. Yeye kaka alikuwa akija na tai yake, anasimama mlangoni, anauliza, "Anaendeleaje?" halafu huyo, keshaondoka. Kwa hiyo nikisema nilifurahi, jueni nilifurahi kwelikweli.

Kaka yangu ana bonde kisogoni. Utotoni alianguka kutoka juu ya rundo la matofali, mfupa ukabonyea, ukabaki hivyo hivyo. Watoto wa mtaani wakamwita Kisahani, eti ukiweka kikombe pale hakimwagiki. Alilia, akapigana, mwisho akahamishwa shule. Alipokua akawa wakala wa bima, mtu wa suti na marashi, picha yake kubwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi, na jina la Kisahani likafa. Mnajua aliyeliua? Wifi. Tangu waoane, kila Jumamosi alimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba na mashine ya kunyolea. Hapa anaziacha nywele zijae, pale anazipunguza, anazilaza kwa brashi mpaka kichwa kinakuwa cha mviringo kama vya wenzake. Hata wanawe hawakujua. Siri tulikuwa nayo mimi na wifi.

Siku kitinda mimba wao alipokuwa akienda chuo, wifi aliamka mapema, akafunga sanduku la binti, akamnyoa mumewe, kisha wakaenda wote watatu kituo cha basi. Wakarudi wawili. Kaka akasimamisha gari mbele ya geti, hakuzima injini. Akasema, "Sina ugomvi na wewe, mama watoto. Nimechoka tu. Watoto wamekwenda, kazi yetu imekwisha."

Wifi hakuelewa. Akateremka kufungua geti ili gari liingie. Gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka. Na zile nywele alizomnyoa asubuhi zilikuwa bado ziko chini kule nyuma ya nyumba, hazijafagiwa. Jamani! Mtu unakaa kitako unanyolewa upendeze, kumbe unapendeza uende kwa mwingine! Talaka ilipofika, wifi alikuwa tayari ameshajua la kutarajia.

Wiki za kwanza wifi alipika sufuria ile ile ya nyumba nzima. Nikawa naenda kula, maana chakula kitamwagwaje nami nipo? Nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia friji ikinguruma. Nilitaka alie, atoe kilichomo. Thubutu! Alikaa tu anauma midomo. Siku moja akaniuliza, "Wifi, hivi mimi najua kufanya nini?"

Nikaanza kumtajia: kupika, kufua, kulea. Akanikatiza. "Hayo nimeshawafanyia watu na wameondoka nayo. Nakuuliza kazi."

Kabla sijajibu, akaingia stoo, akatoka na ile mashine.

Alipofungua duka lake la kunyolea, chumba kimoja, kioo kimoja, kiti kimoja cha kuzunguka, wanaume walicheka mpaka basi. "Mama, unanyoa au unasuka?" Wa kwanza kukaa alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na alikaa kwa kejeli, wenzake wakiwa wamejazana mlangoni waone masikio yakikatwa. Akatoka pale anajipapasa kichwa, akarudi kukaa kwenye kigoda chake bila kumtazama mtu. Kesho yake akamleta shemeji yake. Mkono wa wifi ni mwepesi, na ana jicho la kusoma kichwa cha mtu kabla hajawasha mashine. Mwaka haukwisha akaongeza kiti cha pili, akajikata nywele zake mwenyewe fupi, akapendeza hadi nikaona wivu.

Lakini msidhani alisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Wifi, achana naye." Naye alikuwa akifuta vifaa vyake polepole na kunijibu, "Atakuja. Kichwa chake kitamleta."

Kweli, kaka alikuwa anahangaika. Kinyozi wa kwanza alimuuliza kwa sauti mbele za watu, "Bosi, hapa nyuma kulikuwaje?" Hakurudi. Wa pili alimwachia bonde nje kama lilivyo. Akaanza kuvaa kofia, kofia juu ya suti, mchana kutwa, jasho linamtiririka.

Kisha akapanga harusi. Bibi harusi ni binti wa ofisini kwao, anamwona na kofia, anadhani ni mtindo. Siku chache kabla, kaka akaja kwangu.

"Dada, niombee kwake. Mara hii moja tu. Siwezi kuingia ukumbini na kofia."

"Huna haya?"

"Yule namjua, hana makuu. Hatakataa."

Nikapeleka maneno. Wifi alikuwa ananyoa ndevu za mteja. Hakugeuka. "Mwambie aje asubuhi ya harusi," akasema. "Kiti kipo."

Msiniulize kama nililala. Nilijua wifi ana lake jambo, lakini nilimhofia yeye zaidi kuliko kaka. Jina la kinyozi linavunjika kwa kichwa kimoja. Akimharibia mtu kwenye kiti chake, mbele ya wateja, nani atamwinamia tena? Biashara ile ndiyo iliyobaki mkononi mwake.

Asubuhi ya harusi nilifika mapema kuliko kaka. Fundi viatu alikuwepo, na dereva mmoja wa lori, wanasubiri zamu. Kaka akaingia, akavua kofia, akakaa, akajitazama kiooni kama mwenye nyumba aliyerudi safari.

"Kama zamani, mama watoto," akasema.

"Kama zamani," wifi akajibu, akamfunga shuka shingoni.

Akaanza upande wa kushoto. Jamani, ile kazi! Sikuwahi kumwona akinyoa vile. Mashine ilikuwa inapita kwa mpangilio, brashi inafuata, bonde linafunikwa nusu yake, linapotea. Kaka akafumba macho, akaanza hata kutabasamu. Upande wa kulia nywele zilikuwa bado zimesimama ovyo, za wiki kadhaa.

Wifi akazima mashine.

Akafungua shuka, akalikung'uta, akalikunja vizuri. Kaka akafumbua macho. "Vipi? Umeme?"

"Sina ugomvi na wewe," wifi akasema, sauti ya chini kabisa. "Nimechoka tu. Kazi yetu imekwisha."

Kaka akajiinua kitini. Alijitazama kiooni, kushoto bwana harusi, kulia kichaa. "Unanifanyia hivi leo? Leo?"

"Na mimi ulinifanyia siku gani?"

Kaka akatoa noti. Wifi akamrudishia mfukoni. "Sichukui hela ya kazi ambayo sikuimaliza." Kisha akamgeukia dereva wa lori. "Karibu, baba."

Nikashika roho. Dereva akamtazama kaka anayepapasa kofia, akamtazama wifi, akanyanyuka na kukaa kitini. "Nimekaa, mama," akasema, "ila mimi usinichoke katikati, nakuomba." Fundi viatu akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Nikajua biashara imepona.

Kinyozi wa mtaa wa pili hakuweza kufananisha upande na upande. Akamnyoa kipara.

Ukumbini nilikaa karibu na mbele. Kaka akaingia ameshikana na bibi harusi, taa zote kichwani, bonde linang'aa. Meza ya nyuma alikuwepo mzee mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja, amealikwa kwa kuwa ni mteja wa bima wa kaka. Akaweka chini glasi, akakaza macho, akapaza sauti kwa furaha ya kweli: "Loo! Kumbe ni Kisahani wetu!"

Ukumbi ukacheka. Bibi harusi akamgeukia bwana harusi. "Kisahani ndiye nani?" Kaka akatazama viatu vyake. Nami nikamjibu, mimi ndugu yake, kwa sauti ya kusikika, "Huyo hapo pembeni yako."

Sikungoja keki. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikamkuta peke yake, nywele za kaka bado ziko chini ya kiti.

"Walimwitaje?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka, akacheka, kisha kile kicheko kikageuka, akalia. Alilia kama ndiyo kwanza ameliona lile gari likirudi nyuma getini. Nilimshika mabega mpaka akatulia. Akajifuta uso kwa lile shuka, akainuka, akachukua ufagio, akazifagia nywele zote mpaka nje.