Meza ya Mama Ndinda

Kwa mwaka mzima nimedai kwamba meza ile ilikuwa wazo la Mama Ndinda. Leo nakiri: niliichora mimi, kabla ya kumuuliza mwenyewe swali hata moja.

Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wauguzi na wahandisi na wa kilimo wakiwa pamoja, jinsi ya kubuni vitu vinavyowafaa watu. Kanuni yangu ya kwanza ni kusikiliza ndipo uchore. Basi nikawapeleka Mbooni kwa Mama Ndinda, mkulima aliyekuwa akichagua mawe kwenye ndengu zake amepiga magoti chini. Nikamhurumia, nikachora meza ya kumfikia kiunoni, wahandisi wakaitengeneza.

Kila tulipomtembelea tulimkuta amesimama mezani.

"Asanteni, mmenisaidia sana," alisema akitumiminia chai. Kichwa kikanivimba.

"Lakini mwalimu, mbona magoti yake bado yana vumbi?" akaniuliza Mwende wa uuguzi tukiondoka.

"Huyo ni mama wa kanisa, Mwende. Anaomba sana."

Wiki iliyopita mkuu wa kitivo aliingia darasani kuamua kama somo langu liendelee. Nikampigia Mama Ndinda simu mbele ya wote, nikaweka spika ili mkuu ajisikilizie mwenyewe sifa za meza.

"Mwalimu! Kwani mnakuja leo?" akasema kabla sijauliza lolote. "Si ungeniambia mapema niwashushe kuku, nioshe hiyo meza, nisimame hapo mkifika?"