Nilivyohamia kwa Mwinjilisti

Miaka ile ya Ujamaa, nilipobatizwa Temeke, mwinjilisti wetu aliniambia, "Mwanangu, nitakulea." Sikuuliza atanilea vipi. Jumamosi nikarudisha ufunguo wa chumba nilichopanga, nikajitwika godoro hadi kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unasafiri?"

"Nimehamia. Si ulisema utanilea?"

Mkewe akakimbilia jikoni kucheka.

"Kulea kiroho, mwanangu," mzee alisema taratibu. "Uje kila Jumamosi tusome Neno, tuombe, kisha urudi kwako. Kosa langu, sikukueleza."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini namshukuru hadi leo: hakunicheka, alishika godoro upande mmoja, tukaenda wote kuomba nirudishiwe chumba.

Mbele ya wapangaji wote, mwenye nyumba akauliza, "Ndugu, umemkosea nini mzee wa watu hadi akurudishe leo leo?"

Ikabidi nieleze.